Ndoo Ikipata Gurudumu

Kuna korongo wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, ambalo kuanzia Juni hadi Novemba halina tone la maji linaloonekana. Ukipita pale mwezi wa kumi utaona mchanga mtupu, na katikati ya mchanga utaona vichwa vya wanawake. Miili imezama ndani ya visima walivyochimba wenyewe, kata inapanda na kushuka polepole, kwa sababu maji ya mchangani hayataki haraka. Ukichota kwa pupa unapata tope. Dumu moja la lita 20 linaweza kula saa nzima. Mama yangu alichota pale. Dada zangu walichota pale. Mimi, mtoto wa kiume wa nyumba hiyohiyo, nilipita pale kila siku nikiswaga ng'ombe, na sikumbuki hata mara moja mtu mzima kuniambia, "Shika kata umsaidie mama yako."

Kiangazi kilichopita nilirudi. Wanawake bado wamo mashimoni, ingawa ni wachache kuliko zamani, maana kijiji jirani kimepata bomba. Kilichonisimamisha ni kijana mmoja aliyekuwa akipita na guta, madumu yamepangwa nyuma na kukazwa kwa mpira, anapiga honi nyumba kwa nyumba. Maji anayachota bombani na kuwauzia wasioweza kutembea hadi huko. Wazee waliokaa chini ya mbuyu walimsifu: kijana mchapakazi, anajituma, kesho kutwa utasikia anajenga. Nikawauliza, huyu kijana akishusha dumu moja kutoka kwenye guta, akajitwika kichwani, akampelekea mama yake jikoni, mtamwitaje? Walicheka. Mmoja alinijibu kwa Kigogo, lugha yetu Wagogo wa Dodoma, neno ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema amelogwa.

Maji ni yaleyale, dumu ni lilelile, na kijana ni yuleyule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama kazi zetu moja baada ya nyingine, na jambo ninaloliona linajirudia kiasi cha kunitia hasira. Kazi ikifanywa kwa kichwa, kwa mgongo na kwa mikono mitupu, bila malipo, tunaiita ya kike na tunasema ndivyo Mungu alivyopanga. Siku ikipata gurudumu, inahama. Bibi yangu alisaga uwele kwa jiwe, amepiga magoti tangu jogoo wa kwanza. Ilikuwa kazi ya kike kiasi kwamba mwanaume kuonekana ameinamia jiwe ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Ikaja mashine ya kusaga. Leo nenda Chilonwa, nenda Mvumi, Bahi au Mpwapwa, mtu wa mashine aliyejaa unga hadi kwenye kope ni mwanaume, na wanawake wamepanga foleni na ndoo zao wakisubiri kumlipa. Kuni za kichwani ni za mwanamke; mkaa wa kwenye pikipiki ni wa mwanaume. Ugali wa nyumbani ni wa mwanamke. Chipsi na mishikaki ya barabarani usiku, pale hela inapoingia papo kwa papo, ni vijana wa kiume. Mama ntilie wameshikilia wali na maharage ya mchana, na ninawaombea wasinyang'anywe.

Shambani ndiko kwenye kisa kirefu zaidi. Jembe la mkono lilishikwa na wote, na mwanamke alilishika zaidi. Plau la kukokotwa na ng'ombe lilipoingia lilikwenda moja kwa moja kwa wanaume, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wao. Mwenye plau akaweza kulima eneo kubwa kuliko alilolima baba yake, na watu wakamwita mkulima hodari. Lakini palizi haikupata plau. Magugu ya shamba lile kubwa yalibaki yakimsubiri mke na binti, kwa jembe lilelile la mkono, kwa mgongo uleule. Chombo kilichompunguzia mume jasho kilimwongezea mke. Wataalamu wa kilimo wameliona hili sehemu nyingi za Afrika. Mimi nililiona mgongoni mwa mama yangu kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo gurudumu ninalolisema si lazima liwe tairi. Ni chombo chochote kinachopunguza jasho na kuleta hela. Tafuta kilipo, kisha uangalie nani amekishika.

Ndiyo maana kaulimbiu ya Serikali ya "kumtua mama ndoo kichwani" inanipa furaha na maumivu kwa wakati mmoja. Furaha kwa sababu bomba kweli linaokoa maisha. Nchi yetu ya Dodoma ni kame, mvua ni msimu mmoja kuanzia Desemba hadi Aprili, na msimu huo wenyewe una kigugumizi. Kila bomba linalofunguliwa kijijini linamrudishia mwanamke saa za siku yake. Maumivu yanakuja ninapoisikiliza kaulimbiu yenyewe. Imeshakubali kwamba ndoo ni ya mama. Sijawahi kusikia kiongozi yeyote akisema kwamba wakati tunasubiri bomba, na baba naye ajitwike.

Nikiyasema haya barazani, jibu huwa moja: mila. Zamani kila mtu alijua nafasi yake. Nami huuliza, zamani ipi?

Kwa maana zamani ziko nyingi, na hazifanani. Kuna zamani ya tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, ambapo katika mji wa mwanaume mwenye wake kadhaa kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na ghala lake la uwele. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba mwanaume aliyetaka kuwapikia wageni wake pombe alianza kwa kumbembeleza mwenye ghala. Ng'ombe walikuwa wa mwanaume, ndiyo, na ng'ombe ndio waliooza watoto na kuamua kesi. Lakini chakula cha kila siku kilitoka kwenye mkono wa mwanamke na kilihesabika kuwa chake. Hakuna aliyemwita "mama wa nyumbani".

Katika zamani hiyo hiyo kulikuwa na jambo ambalo bibi alinisimulia kwa sauti ya chini, na miaka mingi baadaye nikalikuta katika maandishi ya Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Balaa lilipoingia, kwa mfano ng'ombe wakifa kwa maradhi, wanawake walivaa mavazi ya wanaume. Walishika fimbo na mikuki. Waliwatoa ng'ombe zizini na kwenda kuwachunga, waliimba maneno ambayo siku nyingine mwanamke asingeyatamka mbele ya mkwewe, kisha wakacheza kwa nguvu kuelekea machweo hadi mpakani mwa nchi, ili wakaitupe ile nuksi huko. Wanaume walikaa kando.

Nimeifikiria sana ibada hii. Watu wanaosema mwanamke hawezi kuchunga, hawezi kushika mkuki, hawezi kusimama mbele, walijua fika kwamba anaweza. Waliijua hiyo nguvu na wakaiweka akiba. Mambo yalipoharibika kupita uwezo wa wanaume, walimwita mwanamke akayatengeneze. Yalipotengemaa, wakamrudisha jikoni. Nikitazama jinsi tunavyowatumia mama zetu hadi leo, katika misiba, katika njaa, katika kuuguza, katika kampeni za uchaguzi, naiona ibada ile ingali hai, ila mavazi yamebadilika.

Kisha ikaja zamani nyingine, ile ya Mtunya. Ni njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920, ambayo wazee waliipa jina hilo na hawakulitumia tena kwa njaa nyingine. Vita Kuu ya Kwanza ilipita Ugogo ikiwa na midomo miwili: Wajerumani walichukua wapagazi, nafaka na ng'ombe, wakaja Waingereza wakachukua tena. Mvua nayo ikakataa. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Wanaume wengi walikuwa wameondoka na mizigo ya majeshi vichwani, na tuone hapo kwamba mkoloni alipotaka mizigo ibebwe, kichwa cha mwanaume wa Kigogo kilifaa kabisa. Waliobaki kuzika, kuchimba mizizi na kuamua mtoto yupi apelekwe kwa ndugu walikuwa hasa wanawake. Hakuna aliyewakumbusha nafasi yao.

Halafu kodi. Ilianza kama kodi ya nyumba, baadaye kodi ya kichwa, na ilitaka sarafu. Sarafu haikuwa ghalani kwa mwanamke; ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, na kuanzia 1947 ilikuwa hapa jirani, Kongwa, ambako serikali ya Uingereza ilileta matingatinga kulima karanga katika ardhi isiyozitaka. Mradi ule ulikufa mapema mwaka 1951. Lakini uliacha kitu ambacho hakikufa. Uliajiri wanaume. Mshahara wa kwanza ambao watu wengi wa kwetu waliuona kwa macho ulipokelewa na mkono wa kiume, na hapo ndipo ninapoona likijengeka lile wazo ambalo leo tunaapa kwamba ni mila ya mababu: mwanaume ndiye mtafutaji, mwanamke ndiye mlishwa. Mababu wa tembe wasingeielewa sentensi hiyo. Kwao aliyelisha nyumba alijulikana, na alikuwa ameshika jembe. "Mtafutaji" alikuja pamoja na risiti ya kodi.

Serikali ya uhuru iliona. Azimio la Arusha la 1967 lilisema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Sijui andiko lingine la chama tawala, kabla au baada, lililowaambia wanaume ukweli ule waziwazi namna ile. Miaka michache baadaye, 1970 na 1971, Operesheni Dodoma iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mengi yaliumiza katika zoezi lile. Hata hivyo ilikuwa ndani ya kijiji kile kipya, kwenye kisomo cha watu wazima chini ya mti, ambapo mama yangu alijifunza kuandika jina lake. Alipokuwa na hasira na baba alikuwa analiandika mavumbini kwa kijiti, herufi kubwakubwa, halafu analiacha pale. Baba alikuwa akilizunguka. Hakuwahi kulikanyaga.

Dada yangu mkubwa aliingia darasa la kwanza mwaka 1977, wakati mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipofika kijijini. Kwa mara ya kwanza walihesabiwa watoto wote, wa kike na wa kiume, na kwa elimu ya msingi pengo kati yao lilianza kuzibika haraka. Lilibaki lile la baada ya darasa la saba, ambalo ni simulizi nyingine na lina machozi zaidi.

Sasa niingie mjini, maana Dodoma ya leo ndiyo inayonisumbua kuliko ile ya tembe.

Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, watu wengi walifikiria majengo, viwanja na vumbi. Wachache walifikiria ndoa. Lakini orodha za uhamisho zilipotoka, majina ya wanawake yalikuwamo kwa wingi: wahasibu, maofisa ugavi, wanasheria, makatibu muhtasi, wachumi. Mke wangu alikuwamo. Mimi nilikuwa na kazi Dar es Salaam, kazi isiyo ya Serikali, na kwa miaka miwili tuliishi kwa basi la usiku. Mwaka wa tatu niliacha ile kazi nikaja. Nilirudi mkoani kwetu nilikozaliwa, lakini kwa ndugu zangu sikuwa nimerudi nyumbani. Nilikuwa "nimemfuata mke". Mjomba wangu, mtu ninayempenda na aliyenisomesha, aliniweka chini akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna jambo nimelishwa.

Limbwata. Hilo ndilo neno, na ningependa tulitazame kwa makini. Lugha yetu ina namna mbili za kueleza mtu anapovuka mpaka wa jinsia yake, na hazina usawa hata kidogo. Mwanamke akifanya vizuri katika kazi tunayoiona ya kiume, tunampandisha cheo: jike dume, mwanamke wa shoka. Mwanaume akifanya vizuri katika kazi tunayoiona ya kike, tunatafuta mganga. Amelishwa limbwata, amekaliwa, mwanaume suruali. Anayeishi kwa kipato cha mwanamke ni marioo, lakini anayeishi kwa kipato cha mwanaume hana jina, ni mke tu. Na bado tunampongeza bwana harusi kwa kusema "amepata jiko". Nimelisema hilo neno mara nyingi katika harusi za rafiki zangu, huku nikitabasamu, na bibi harusi amekaa palepale akisikia. Kitenzi chenyewe kinatubana: yeye anaoa, huyu anaolewa. Wazungumzaji wa leo wameanza kusema "wameoana", na mimi nalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Kwa hiyo niseme wazi kwamba ngazi ya kupanda imefunguliwa, na si jambo dogo. Tarehe 22 Machi 2021, katika Uwanja wa Jamhuri hapahapa Dodoma, wakati wa kumuaga Rais Magufuli, Samia Suluhu Hassan aliwajibu hadharani waliokuwa na shaka kama mwanamke ataweza: aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Sizungumzii sera hapa, kila mtu ana yake. Nazungumzia picha ukutani. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule, akiingia ofisi ya mtendaji wa kijiji, hajaona picha ya Rais mwingine aliyeko madarakani. Bunge letu lilishaongozwa na Anne Makinda tangu 2010 hadi 2015, kisha na Tulia Ackson tangu 2022 hadi 2025. Msichana wa shule ya Msalato au wa Chuo Kikuu cha Dodoma haoni ajabu tena. Hiyo ni tofauti kubwa kati yake na dada yangu.

Lakini ngazi ya kushuka, ile ya mwanaume kwenda jikoni, bado imefungwa kwa kufuli. Na hapa nafika kwenye jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu lilikuwa sebuleni kwangu.

Mke wangu alikuwa anatoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, saa kumi na mbili jioni, wakati mwingine saa mbili usiku, na jioni za siku mbili alikuwa anasoma shahada ya pili. Nilijivunia. Nilisema kwa watu kwamba nyumbani kwangu ni usawa. Usiku mmoja wa saa nne niliinua macho kutoka kwenye taarifa ya habari. Mke wangu alikuwa mezani na vitabu. Mimi nilikuwa kwenye kochi. Na uani, kwenye taa ya ukutani, binti wa miaka 19 kutoka kijiji kimoja cha Bahi alikuwa anafua sare za watoto wetu. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri.

Kazi haikuwa imehamia kwangu. Ilikuwa imetoka kwa mwanamke mmoja ikaenda kwa mwanamke mwingine, mdogo zaidi na maskini zaidi.

Mikoa yetu ya kati imekuwa ghala la dada wa kazi kwa miaka mingi. Dodoma, Singida, na chini kidogo Iringa: mtu wa Dar es Salaam akitaka binti wa kumsaidia nyumbani, anatuma salamu huku. Wanaitwa wapole, wavumilivu, hawajui mjini. Hizo zinasemwa kama sifa. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa Sh60,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30. Ilikuwa Sh2,000 kwa siku inayoanza alfajiri na kuishia vyombo vya usiku vikikauka. Sisi tulimlipa zaidi kidogo ya hapo, tukajiona watu wema.

Ninapowasikia wenzangu wa makamo tukizungumza juu ya jinsi majukumu yalivyobadilika, jinsi wake zetu wanavyofanya kazi na sisi "hatuna shida", naomba kila mmoja ataje jina la binti aliyeko uani kwake. Bila yeye, hesabu yetu ya usawa haifungi. Mwanamke mwenye ofisi amepata gurudumu, nami nafurahi, lakini linazunguka juu ya mgongo wa binti ambaye mama yake bado yuko kwenye mchanga wa korongo.

Sheria zetu zimefanya sehemu yake, kwa hatua mbili mbele na moja nyuma. Mwaka 1963 mila za urithi ziliandikwa na kutangazwa kisheria, na kilichokuwa kikijadiliwa barazani kikageuka jiwe: binti akawekwa daraja la mwisho, mjane akaambiwa fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sheria za Ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na zikataka baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana anasubiri 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Kila mwezi wa kucheleweshwa una bei yake kijijini, na bei yenyewe inahesabiwa kwa ng'ombe.

Nimeacha makusudi jambo ninalolipenda kuliko yote katika asili yetu, kwa sababu ndani yake kuna lile ninalolichukia kuliko yote.

Sehemu nyingi za nchi hii utaambiwa ngoma ni ya mwanaume, mwanamke hucheza. Kwetu Ugogo ni kinyume. Zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ni vya wanaume, na dunia ilivijua kupitia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose. Lakini muheme ni wa wanawake. Wanazibana ngoma katikati ya mapaja, wanazipiga kwa viganja, na huyo anayeongoza anaziamrisha nyingine zote bila kusema neno. Mtu aliyekulia kwenye sauti ile hawezi kuambiwa kwamba mikono ya mwanamke ni dhaifu. Mila gani basi inayosema mwanamke asiguse ngoma, ikiwa kilomita chache tu za barabara zinaigeuza?

Muheme ulikuwa pia sauti ya jando la wasichana, na kwenye jando lile kulikuwa na kisu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wenye umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Tulikuwa wa pili baada ya Manyara. Utafiti wa 2022 ulionyesha Dodoma imeshuka hadi asilimia 18. Sehemu ya mshuko huo huenda inatokana na watu waliohamia mjini kutoka mikoa mingine, na sehemu nyingine na woga wa kusema ukweli mbele ya mdodosaji, kwa kuwa sheria ya 1998 inaadhibu anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18, na wapo wanaoamua kuwafanyia watoto wachanga kwa siri. Hata hivyo naamini sehemu kubwa ya mshuko ni ya kweli, kwa kuwa nimeiona ndani ya ukoo wangu. Bibi alikeketwa. Mama alikeketwa. Dada mkubwa pia. Dada mdogo hapana, kwa sababu mama, yule wa jina mavumbini, alisimama mlangoni.

Na ngoma haikufa! Wale waliotuambia kwamba mkiacha kisu mtakuwa mmeacha Ugogo walikosea kabisa. Muheme unapigwa leo kanisani, kwenye kwaya za Waanglikana na za Wakatoliki. Unapigwa harusini, unapigwa kiongozi anaposhuka kwenye gari. Wanawake wale wale wa vijiji vile vile walichagua ndani ya mila yao kipi kibaki na kipi kizikwe, na waliipiga ngoma vizuri kama walivyoipiga mama zao. Hakuna mtu aliyepoteza asili yake. Nalisema hili hasa kwa vijana wa kiume mtandaoni ambao siku hizi wanatetea "mila za Kiafrika" kwa ukali, wengi wao wakiwa hawajui ni nani kwao aliyekuwa akipiga ngoma.

Yule binti wa Bahi bado yuko nasi. Baada ya usiku ule tulikaa watatu mezani, jambo ambalo lilimtisha kuliko lilivyomfurahisha, tukapanga upya saa zake, mshahara na siku ya kupumzika. Nilimuuliza angependa kujifunza nini. Nilidhani atasema cherehani. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Baba, nataka kujua kuendesha bajaji."

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alituonya kwamba tunamharibu. Mjomba hajasema kitu. Mafunzo ni Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, wakati ambao mke wangu yuko Mtumba na watoto wanarudi kutoka shuleni na njaa. Maji mtaani kwetu yanatoka kwa mgao, na Alhamisi ni siku ya mgao. Kwa hiyo siku hiyo najaza mapipa mimi, ndoo kwa ndoo kutoka bomba la nje, kisha nasonga ugali. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka tisa alinikuta uani, akaweka begi chini, akatafuta ndoo ndogo.